Nusu Kilo ya Nguo

Mwezi wa saba huku kwetu milimani, ukimwambia mama amvue mtoto nguo ili apimwe uzito, anakutazama kama umemwambia amtupe mtoni. Wala simlaumu. Ukungu unaingia mpaka ndani ya chumba cha kliniki, maji ya bomba yanauma vidole, na mimi mwenyewe chini ya gauni jeupe nimevaa sweta mbili. Mtoto analetwa amefungashwa: fulana, sweta, sweta ya pili aliyoirithi kwa dada yake, kofia ya sufu, soksi, blanketi, na juu ya yote kitenge cha mama. Kumfungua mtoto wa hivyo ni kazi, kumfunga tena ni kazi nyingine. Yeye analia, mama ananuna, na foleni imetoka nje ya mlango imefika kwenye mibuni ya jirani.

Kwa hiyo tulikuwa na ufundi wetu. Mtoto tunamning'iniza kwenye mizani na nguo zake zote, mizani ikisoma kilo tisa, kwenye kadi tunaandika nane na nusu. Tuliiita nusu ya nguo. Nilipohamia zahanati hii, si mbali na Namswea, niliikuta inatumika, na sikuuliza nani aliianzisha wala kama nguo za watoto wote zina uzito mmoja. Kusema kweli niliipenda. Iliokoa muda, na kupoteza muda kunaniudhi kuliko kitu chochote.

Niseme mapema pia kwamba nina hasira za karibu. Nimezaliwa Kitai, barabarani, kwenye mabasi ya Songea na Mbinga, ambako usipopaza sauti karanga zako zinalala, na sauti hiyo nimekuja nayo kazini. Akina mama wa hapa wananiita nesi mkali. Zamani nilikuwa naichukua kama sifa.

Kila siku ya kliniki kabla ya kupima tunatoa somo la afya. Tulikuwa na bango la lishe lenye picha ya samaki mwekundu mkubwa ambaye ziwa Nyasa halijawahi kumwona, na machungwa, na glasi ya maziwa, na familia inacheka. Nilikuwa naligeuza uso ukutani. Mimi nilikuwa na somo langu mwenyewe. Nashika kadi ya kliniki juu, naonyesha ule mchoro wenye kijani, kijivu na nyekundu, halafu nauliza kwa sauti yangu ya stendi: "Mstari ukipanda?" Wanajibu wote: "Mtoto anakua!" "Mstari ukilala?" "Jiulize!" "Mstari ukishuka?" "Mtoto hatarini!" Wasiojua kusoma walijua hilo. Mgeni mmoja aliyetoka ofisi ya wilaya alisikia akapiga makofi. Mimi nikavimba kichwa, Mungu anisamehe.

Na kulikuwa na neno moja nililolipiga marufuku kwenye chumba changu: kubemenda. Asiyelijua aelewe hivi. Mama akishika mimba nyingine wakati bado ananyonyesha, au baba akichepuka, watu wanaamini mtoto aliyepo anaharibika. Anavimba, au anakauka, anaacha kucheza. Wanasema wazazi wamembemenda. Mtoto anapelekewa dawa za mizizi badala ya kuletwa zahanati, na aibu yote inamwangukia mama, anasengenywa mpaka kisimani. Nimeshazika watoto kwa sababu ya neno hilo, ndivyo nilivyokuwa naona. Kwa hiyo mtu akilitaja mbele yangu nilikuwa namkatia hapohapo: "Hapa hakuna kubemenda. Hapa kuna lishe na kuna magonjwa. Chagua kimoja."

Sasa nimseme huyu mama niliyemkusudia tangu mwanzo. Alikuwa binti wa Lundo, wa kule chini ziwani, aliyeolewa huku juu kwenye ukoo wa Wamatengo wenye kahawa. Mdogo, mrefu, mpole, anaongea kwa sauti ya chini mpaka unamwambia rudia. Mtoto wake alikuwa wa kike, ametimiza mwaka na miezi kama minne. Mwezi wa sita alipomleta, mstari ulikuwa umelala. Nikamkaanga mbele ya wenzake.

"Anakula nini huyu?"

"Uji, nesi."

"Uji wa nini?"

"Wa mahindi."

"Maharage hamna? Nyie mnaolima maharage mpaka mnalisha Songea?"

Akasema yapo, lakini ni ya mama mkwe, yanasubiri bei. Akasema ni msimu wa kuchuma kahawa, yeye anatoka asubuhi na umande anarudi jua likizama, mtoto anabaki na wifi yake mdogo na chupa ya uji. Nikamuuliza kama bado ananyonyesha. Akatazama chini. Alikuwa na mimba ya miezi miwili, na siku aliyojijua, siku hiyohiyo alimwachisha mtoto ziwa.

Nikampa mahubiri yote. Saga maharage, tia karanga, mpe yai. Nikasema kwa urahisi wa mtu ambaye mshahara wake unaingia na mama mkwe wake yuko mbali. Yeye akaitikia, "Sawa nesi, sawa nesi," akamfunga mtoto mgongoni akaondoka.

Mwezi wa saba akarudi, na safari hii aliongozana na mama yake mzazi, aliyepanda kutoka Lundo kuja kumsalimia. Mama mnene kidogo, amejifunga khanga mbili juu ya koti la kuazima, anatetemeka kwa baridi na hafichi kwamba anaichukia. Sikumwamkia. Foleni ilikuwa ndefu, mwenzangu alikuwa semina, na mimi nilikuwa peke yangu na mizani, chanjo na daftari. Nikamning'iniza mtoto na nguo zake, nikatazama mshale, nikatoa nusu ya nguo, nikachora.

Mstari ulikuwa umepanda. Haukupanda kidogo. Karibu kilo nzima kwa mwezi mmoja! Mtu mwenye akili yake sawasawa angesimama hapo akajiuliza, mtoto wa kulishwa uji na wifi anapataje kilo nzima kwa mwezi? Mimi sikujiuliza. Nilifurahi. Nilifurahi kwa ajili yangu, ndiyo ukweli, kwa sababu nilikuwa nimesema na mtu amesikia, jambo ambalo kwenye kazi hii halitokei kila siku. Nikaiinua kadi juu. "Akina mama, tazameni! Huyu mwezi uliopita nilimsema hapa mkasikia. Leo mtoto wake anapanda! Mpigieni makofi." Wakapiga makofi, mmoja akapiga na kigelegele. Yule binti akatabasamu mpaka nikaona meno yake kwa mara ya kwanza.

Mama yake hakupiga makofi. Akasogea mezani akasema, kwa Kiswahili cha polepole, "Nesi, huyu mtoto si mzima. Amebemendwa. Tazama uso."

Loo! Neno lenyewe, mbele ya foleni yangu, dakika mbili baada ya makofi. Damu ikanipanda.

"Bibi, neno hilo hapa halina kazi. Mtoto amepanda kilo. Unajua kilo wewe?"

"Mvue basi umwone."

"Kwenye baridi hii? Unataka apate nimonia uniletee tena?" Nikamwonyesha foleni kwa mkono. "Wenzako wanasubiri. Tafadhali."

Uso wa mtoto niliuona, sitadanganya. Ulikuwa umejaa mashavuni. Niliona unene. Alikuwa kimya pia, hakulia aliponing'inizwa, na nikamshukuru kwa kutulia. Mtoto wa mwaka na nusu anayening'inizwa hewani na mtu mgeni asilie! Nimesoma miaka mitatu chuoni. Nikasema, "Anayefuata."

Bibi yule akarudi kwake Lundo kesho yake.

Siku kama kumi na nne hivi zikapita. Ilikuwa siku isiyo ya kliniki, nafuta vumbi kwenye rafu ya dawa, nikasikia pikipiki. Yule binti na mume wake, mtoto katikati yao. Mume alibaki nje na pikipiki yake kama wanaume wa hapa wanavyopenda kubaki nje. Binti akaingia, akamlaza mtoto kitandani, akasema, "Hali. Hata uji hali."

Safari hii nilimvua. Hakukuwa na foleni, tena niliogopa nilipomgusa, alikuwa wa baridi. Nikatoa kofia, nywele zikatoka nazo, nyepesi, zimebadilika rangi. Nikatoa sweta. Nikafika kwenye soksi, haikuvutika. Ilikuwa imezama kwenye mguu. Nikaikata kwa mkasi. Mguu ulikuwa umejaa, unang'aa, ngozi imepasuka kwenye kifundo. Nikabonyeza kwa dole gumba nikahesabu mpaka tatu nikaachia. Shimo likabaki palepale.

Kwashakoo. Ugonjwa ambao mwili ukikosa chakula cha kuujenga unajaa maji, na mtoto anaonekana ana nyama kumbe anakwisha. Kuubonyeza mguu ni kitu cha kwanza tunachofundishwa, mwaka wa kwanza, kabla hata hatujapewa kofia. Ile kilo yangu ya makofi ilikuwa maji.

Lakini msidhani nilijigeukia mwenyewe. Hapana. Nilimgeukia yeye. "Miguu imevimba tangu lini?"

"Tangu kabla ya kliniki ile."

"Kabla! Na hukusema?"

"Niliivalisha soksi watu wasione. Nyumbani wangesema nimembemenda." Akafuta pua kwa ncha ya khanga. "Na wewe ulisema kitu hicho hakuna. Na mstari ukapanda. Nikasema basi, mama yangu ndiye haelewi."

Nikachukua simu. Nikampigia mwenzangu wa wodi ya watoto hospitali kubwa mjini, nikaandika rufaa, nikawapakia kwenye gari la kwanza lililopita linakwenda Mbinga. Walipoondoka nikahisi nimetua mzigo. Nililala vizuri usiku ule, na hilo nalo linaniudhi mpaka leo.

Siku ya sita mwenzangu wa wodini akanipigia. "Mgonjwa wako katoroka."

"Katorokaje? Mtoto wa hali ile?"

"Asubuhi tumempima, alipoona uzito ameanza kukusanya vitu. Nimemweleza. Akaitikia sawa, sawa. Nimegeuka kuchanganya maziwa, kitanda kitupu."

Nilipiga kelele kwenye simu mpaka mganga mfawidhi, mkuu wetu wa zahanati, akachungulia. Jamani watu hawa! Unawatafutia gari, unawabembeleza, wanapewa maziwa maalumu kila baada ya saa mbili tatu bila kutoa hata senti mfukoni, halafu wanatoroka! Nikafunga chumba nikapanda mpaka kwao, mlima ule wa kukata pumzi, nikiwa nimeshapanga maneno yote nitakayomwambia.

Nilimkuta mume peke yake, anageuza kahawa kwenye kichanja. Akaniambia mkewe hakurudi hapa, amepitiliza kwa mama yake, Lundo. Nikaanza kumfokea yeye basi, kwa kuwa ndiye aliyekuwepo. Alinisikiliza mpaka mwisho huku mikono yake inaendelea na kahawa.

"Nesi," akasema, "alinipigia simu. Ameingia na kilo zile, kila siku wanampima zinapungua. Siku tano zinashuka tu. Si wewe uliyewafundisha? Mstari ukishuka mtoto hatarini. Akasema hospitali inamuua mtoto."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuelekeza njia. Nikakaa chini kwenye gunia.

Kwa sababu ndivyo inavyokuwa. Mtoto wa kwashakoo akianza kupona, maji yanatoka kwanza. Uvimbe unashuka, na mizani inashuka nao. Siku zile za mwanzo kushuka ndiko kupona. Yule binti alikuwa amesimama pale wodini anamtazama mtoto wake akipona, na somo langu kichwani linamwambia anakufa, na akafanya alichopaswa kufanya mama yeyote mwenye kadi yangu. Alimwokoa. Na sasa mtoto alikuwa Lundo bila maziwa, bila dawa, na kila siku moja iliyopita nilijua inakwenda wapi.

Jumamosi nikaondoka. Gari la Mbamba Bay linashuka ile barabara ya kona kona, na kila kona unavua kitu. Nilipofika chini sweta zote mbili zilikuwa kwenye mfuko na mgongo umelowa. Nikachukua bodaboda kufuata ziwa mpaka Lundo. Njiani nilikuwa najaribu maneno. Uvimbe, protini, chumvi mwilini. Kila nililolijaribu lilinichosha mwenyewe.

Nyumba yao ilikuwa karibu na maji, mbele yake vichanja vimetandazwa usipa, wale dagaa wadogo wa ziwa letu, wanakauka juani. Bibi alikuwa anawageuza. Akaniona, akanijua, akaendelea kugeuza.

"Shikamoo mama," nikasema.

Alimaliza kichanja kizima. "Marahaba. Umekuja kutazama uso?"

Akanionyesha kwa kidevu.

Mtoto alikuwa kivulini kwenye mkeka, hana nguo hata moja, na kwa mara ya kwanza nilimwona mzima kwa macho yangu. Miguu ilikuwa imepungua. Mbavu zilikuwa zinahesabika. Macho yalikuwa wazi lakini hayakunifuata. Mama yake alikuwa pembeni na kikombe cha uji, anampaka midomoni kwa kidole. Aliponiona akamkumbatia.

"Sirudi, nesi."

Nikapiga magoti kwenye mchanga. Nikamweleza. Maji yaliyojaa mwilini, maji yanayotoka, maziwa yanayotolewa kidogo kidogo kwa sababu moyo wake sasa hauwezi mzigo mkubwa. Niliongea vizuri, naapa, bila kupaza sauti. Akaitikia, "Sawa nesi, sawa nesi," na nikajua nimeshindwa, kwa sababu ndivyo alivyoitikia mwezi wa sita na ndivyo alivyoitikia wodini. Hiyo "sawa" yao nimeishi nayo miaka yote, na sikuwahi kuelewa kwamba ni mlango unaofungwa kwa heshima.

Nikamgeukia bibi. "Mama, nisaidie. Akibaki hapa hamalizi wiki."

Bibi akafuta mikono. "Kwanza nikwambie. Mimi nilisema amebemendwa. Jina lenu la hospitali silijui, najua hilo moja. Jina langu ulilikataa, ukamkataa na mtoto humohumo. Mbele za watu."

"Ni kweli."

"Nilikwambia mvue."

"Uliniambia, mama. Nilikosea."

Alinitazama muda. Nadhani alikuwa anapima kama nimesema kwa mdomo tu. Halafu akamgeukia binti yake, akaanza kwa Kinyasa, akaona nipo, akaendelea kwa Kiswahili. "Wewe, usipa ukitoka ziwani ndoo moja unaweza kujitwisha mwenyewe?"

"Hapana."

"Ukikauka?"

"Nabeba kwa mkono."

"Kilichoondoka ni samaki?"

Binti aliwatazama wale dagaa vichanjani, akamtazama mtoto, miguu, mbavu. Nilimwona anahesabu siku kichwani, moja moja, akirudi nyuma. Mimi nilikuwa nimesomea kitu hiki na sikuwa na maneno hayo. Bibi akarudi kwenye kazi yake.

Halafu binti akaniuliza, kwa ile sauti yake ya chini, lakini safari hii sikuhitaji kumwambia rudia.

"Kwa hiyo siku ile uliponipigia makofi, nesi, uliyapigia maji?"

"Ndiyo."

"Na mimi nikafurahi."

"Ndiyo, mama. Nilikudanganya bila kujua. Nilipaswa kujua."

Alilia kidogo, si sana. Akamwambia mama yake amletee khanga safi. Tulipata gari la samaki linalokwenda Mbinga siku hiyohiyo, dereva akatukalisha mbele, bibi akapanda nasi bila kuulizwa. Njia nzima hakuna aliyenisemesha, na mimi nilinyamaza, kitu ambacho watu wa Kitai wakikisikia hawataamini.

Wodini mtoto alirudi nyuma siku mbili, akatutisha wote. Mwenzangu alinipigia asubuhi na jioni. Siku ya tatu akaanza kumeza bila kulazimishwa, na siku moja, sikumbuki ya ngapi, akalia akitaka kikombe cha mtoto wa kitanda cha pili, akalia kwa hasira kabisa, na mwenzangu akaniwekea simu nisikilize. Sijawahi kusikia kelele nzuri kama zile. Alipotoka hospitali uzito wake ulikuwa chini ya ule nilioupigia makofi. Alikuwa anatembea.

Bibi hakumruhusu mtoto arudi milimani. Alishuka naye Lundo, akasema akishakula samaki wa kutosha watamwona. Mama mkwe alinuna. Acha anune.

Mimi nilifuta nusu ya nguo. Nilinunua jiko la mkaa, nikaliweka kwenye chumba cha kupimia na dirisha wazi, nikaandika mlangoni kwa herufi kubwa: MTOTO AVULIWE ZOTE, NA SOKSI. Msidhani nilipongezwa. Akina mama walikasirika. Foleni ikawa ya mpaka mchana, wengine wakachoka wakarudi kuchuma kahawa bila kupima, na mganga mfawidhi akaniita ofisini kuniuliza mbona idadi ya waliopimwa imeshuka. Nikamweleza. Akasema ananielewa, lakini taarifa ya mwezi haina sehemu ya kuandika soksi. Nilitoka nikaufunga mlango wake kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. Na somo langu la kuitikiana nililiacha, nikawa nasema mambo marefu yasiyo na mapigo, na wanasinzia. Mmoja aliniuliza siku moja, "Nesi, siku hizi hatuimbi?" Nikamwambia nimesahau maneno.

Yule binti alirudi kwa mumewe, akajifungua mwezi wa kwanza, mvua zikiwa zimekolea. Sikutegemea kumwona. Kuna zahanati nyingine upande wa pili wa mlima, na kama ningekuwa yeye ningekwenda huko hata kwa kutambaa. Lakini Jumanne moja aliingia, amelowa mabega, mtoto mchanga mgongoni. Alikaa kwenye foleni kama wengine. Zamu yake ilipofika nilisimama, nikasema karibu mama, nikanyoosha mkono kwenye mizani kwa mazoea.

Hakunipa kadi. Aliifunga ndani ya ngumi. Alimlaza mtoto juu ya daftari langu, akamvua mwenyewe, moja moja, bila haraka, kofia, sweta, soksi, nepi, mpaka mtoto akabaki kama alivyozaliwa, anarusha miguu na kupiga kelele. Foleni ikaanza kunung'unika. Yeye hakugeuka.

"Mtazame kwanza," akaniambia. "Ukimaliza kumtazama ndipo nikupe kadi."

Nikavuta kiti, nikaanza na miguu.